Mawe ya Mama Delphine

Mwaka 1978, boti yetu ilitoka Kilwa ya ziwani kwenda Nchelenge, ng'ambo ya mpaka, polepole ndani ya ukungu. Mama Delphine, muuza samaki mwenye macho ya manjano, alikuwa anakwenda hospitali ya huko kupasuliwa tumbo. Mawe yalikuwa yameziba njia ya nyongo.

"Kule Bulaya habapasue tena, mama," alisema Fabien, mchuuzi aliyeketi karibu naye. "Banapitisha mupira murefu kama kamba mu kinywa, banatosha majiwe inje."

"Bulaya ni mbali, papa Fabien. Miye napasuaka samaki kila siku. Hata moja haiamukake."

"Lakini samaki hatushonake, mama!"

Abiria walicheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu.

Boti ikagusa mchanga. Mama Delphine hakuinuka.

"Ile mupira," akauliza, "itafika huku lini?"