Sufuria Kapuni, Kiembe Samaki

Mgeni rasmi, Sheha wetu, jirani zetu, assalaamu alaikum.

Sisi kinamama thelathini na mmoja tunakukaribisha kwenye ua wa Bi Khamisa, mahala tulipoanzia.

TULIKOTOKA

Mwaka juzi makaa yalipanda bei, na Mjaka, mwanawe Bi Khamisa, akapunguzwa kazi hotelini Paje. Bi Khamisa akarudi kwenye kuni. Mjukuu wake, Shaima, akawa anaziokota kila alfajiri kabla ya skuli. Siku ya mtihani wa kidato cha pili mvua ilimkamata njiani na mzigo kichwani. Alipofika, mtihani umeshaanza. Hakuingizwa.

Bibi yake hakumlaumu mtu. Alikaa jikoni siku nzima.

Kesho yake alikumbuka alivyofanya marehemu mama yake. Akachukua kapu la ukindu, akalijaza matambara. Akachemsha nusu saa maharage yaliyolala majini, akaifukia sufuria humo na kufunika. Jirani yake, Bi Zeyana, akachungulia.

"Khamisa, umekosa wa kumvisha, sasa unaivisha sufuria?"

"Cheka, Zeyana. Adhuhuri njoo ule."

Alikuja. Maharage yameiva, laini, na moto ulizimwa tangu asubuhi. Bi Zeyana alikula, kisha akauliza kapu linashonwaje.

TULICHOPATA

Gunia la makaa lililokuwa likitutosha wiki mbili, sasa linavuka mwezi. Miti haikatwi kwa ajili yetu kama zamani, na kinachobaki kinanunua madaftari na dawa.

LINALOTUUMA

Kapu lilichelewa. Shaima hakupewa nafasi ya kurudia. Wasichana wengine watatu wa mtaani petu waliachishwa skuli kwa sababu ya kuni. Kuni hawaziendei tena. Na skuli hawaendi.

OMBI

Tumesikia umetuletea majiko ya gesi. Tunashukuru kwa dhati. Lakini ikibidi kuchagua, mgeni rasmi, majiko yarudi garini, wasichana hawa wanne warudi darasani. Majiko tutachangishana wenyewe.

Shaima amekaa mstari wa mbele. Kavaa sare yake ya mwaka juzi, imeshamfupia. Hatukumwambia aivae.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kutusikiliza, na akurejeshe kwako salama.

Ni sisi, Kinamama wa Kapu, Kiembe Samaki.
Imesomwa na Maisara Machano, Katibu.