Mama Alimpeleka Mwanangu kwa Wenye Surua

Hapana dada yangu, ngoja. Umesema mtoto akiugua surua mwenyewe anakomaa kuliko aliyechanjwa. Umemaliza? Haya, na mimi nasimama.

Ni kweli, aliyeugua surua haugui tena. Sibishi. Hata aliyezikwa haugui tena.

Ndugu zangu wa jumuiya, mama yangu alitulea hivyo hivyo huko Mollo. Jirani akiuguliwa surua, unapeleka wako wakale sahani moja, waugue wote yaishe. Sisi watoto wake watatu tuliipita, tuko hai. Kwa hiyo mwanangu alipofika umri wa chanjo, kila nikitaja kliniki mama ananiambia, "Tuvune kwanza."

Nikaenda kuvuna ulezi, nikamwachia mtoto. Narudi, hayupo. Yuko kwa jirani, anacheza na wenye vipele! Nikawaka. Mama akacheka tu: "Wewe mbona hukufa?"

Wiki mbili hazikuisha, mtoto moto. Macho mekundu, kikohozi hakikati. Mama akafunga madirisha, akampaka pombe ya ulezi ili vipele vitoke. Nikasema twende hospitali. Akanijibu, "Ukimchoma sindano saa hizi surua inarudi ndani. Utakuwa umemuua wewe."

Jamani, huyu ni mama yangu. Mtu akimsema vibaya hata leo tunashikana. Nikanyamaza. Nyie mnanijua, mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Asubuhi moja namwangalia mtoto anavyopumua, mbavu zinabonyea, hata kulia hawezi. Nikamfunga mgongoni. Mama akasimama mlangoni.

"Ukitoka, usirudi."

"Shikamoo mama. Nipishe."

Hospitali wakasema ni nimonia, surua imeshuka kwenye mapafu. Wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni. Surua haikurudi ndani wala wapi. Kesho yake mama akaja na uji, akakaa sakafuni.

"Bado yupo?"

"Yupo."

Akakoroga uji weee. Halafu akasema, "Mlikuwa wanne. Yule wa nne naye alipumua hivi." Maisha yangu yote sikuwahi kusikia habari za huyo wa nne. Amenikubalia niwaambie leo.

Mwanangu alipona, anakimbia kama wenzake. Ila jicho la kushoto limekufa kwa hiyo surua. Ukimpa kitu upande huo, anapapasa.

Namshukuru yule kijana wa bodaboda wa Milanzi aliyetukimbiza hospitali asubuhi ile bila hata kuuliza nauli. Nawashukuru manesi. Na namshukuru mama yangu, yule pale nyuma, msimgeukie, ataona aibu. Mdogo wake huyu mtoto alipofika miezi tisa, mama ndiye alimbeba mwenyewe kumpeleka kuchanjwa.

Nawaambieni, surua haijui kwamba mama wa mtoto alipona. Inachagua yenyewe nani apone na nani azikwe. Mimi wangu ilinirudishia, nusu.

Na wako, amechanjwa?