Buibui wa Mikanda ya Mabua

Mheshimiwa Meya Kasuya. Ndugu Mkurugenzi wa Idara ya Bustani. Wazee wa mitaa yote miwili, wa huku na wa ng'ambo ya mto. Walimu na watoto wa shule yetu ya msingi. Wafanyakazi wenzangu, ambao leo mmevaa tai na mnajikuna shingo. Nawe mke wangu Sachie, uliyekubali kukaa mstari wa mbele ingawa hupendi kutazamwa: habari za mchana.

Mimi Hatakeda ni mtu wa ngazi na mkasi, si mtu wa kipaza sauti. Asubuhi mke wangu aliniambia, "Miaka arobaini na moja umeongea na misonobari. Leo ongea na watu, na usimkaripie mtu." Hilo la kwanza nitajitahidi. Hilo la pili siwezi kuahidi.

Nimepewa mambo mawili ya kufanya kabla sijakabidhi mkasi huu. Niwaachie mawaidha machache ya bustani, kisha nimtaje ninayependekeza achukue nafasi yangu. Jina ninalo. Lakini kabla ya jina nina jambo la kukiri, na jambo lenyewe linamhusu mtu aliyekaa mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango, bila kuvua koti. Namwomba asiondoke.

Tuanze na mawaidha, maana kina mama wa mtaa wa juu wameniwinda nayo miaka mingi. Kila mwaka mnaniuliza kwa nini azalia zenu hazitoi maua. Je, mnazipogoa lini? Mnazipogoa vuli, ili ua uwe nadhifu wageni wa mwaka mpya wakija. Basi mnakata maua, mama zangu! Azalia huanza kutunga maua ya mwakani katikati ya kiangazi, ndani kwa ndani, wala haimwambii mtu. Ipogoeni mara tu maua yanaponyauka, mvua za mwezi wa sita zikianza, kisha iacheni na nywele zake timtim mpaka mwaka unaofuata. Na kuvumwani, lile zulia la kijani chini ya misonobari, msilimwagilie jua likiwa utosini. Maji ya saa hiyo yanaliunguza. Magugu yang'oeni mkiwa mmekaa juu ya mto wa kukalia, msiiname, kwa sababu mgongo hausahau. Utomvu wa msonobari ukiganda mikononi, pakeni mafuta ya kupikia kwanza, sabuni baadaye. Hilo peke yake lingeokoa ndoa yangu katika miaka ya mwanzo.

Lakini mmepata kujiuliza kwa nini mtu anakaa kazi moja miaka arobaini na moja, akipanda ngazi ya miguu mitatu kwenye baridi inayouma masikio? Nitawaambia. Kuna ule mlio wa mkasi uliotoka kunolewa, unapokata tawi dogo ukasikia "chak", na tawi likaanguka bila malalamiko. Kuna harufu ya kamba mpya za mabua mwezi wa kumi na moja, tunapoyaning'iniza matawi ya misonobari yasivunjwe na theluji. Na kuna chai. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, tangu zama za mabwana wa ngome, mtunza bustani anaweka chini alichoshika na kwenda kukaa barazani. Figili ya chumvi, kikombe cha chai ya moto, miguu inaning'inia. Kila mmoja ana kikombe chake kwenye rafu ya kibanda, na barazani hakuna mkubwa wala mdogo.

Nimesema hakuna mkubwa wala mdogo. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi niliivunja sheria hiyo, na sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mikanda ya mabua kila mtu hapa anaijua. Theluji ikikaribia, tunaifunga kwenye mashina ya misonobari, usawa wa kifua, ili viwavi wanaotafuna majani wakishuka kukwepa baridi wajifiche humo. Mwezi wa tatu, siku tunayosema wadudu wanaamka, tunaifungua na kuitia moto. Watoto wanakula viazi vitamu vilivyochomwa, wazee wanakunywa togwa la mchele la moto, Mheshimiwa anawasha kiberiti. Waliotutangulia walifanya hivyo, mimi nikafanya hivyo, na kila moto ulipowaka nilijiona nimeitendea haki miti yangu.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na mtunza bustani anayeitwa Onodera Mizue. Mama wa watoto wawili, mwaka wake wa sita nasi. Mkono wake juu ya msonobari, nasema bila haya, ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Siku moja kabla ya moto, saa ya chai, alitandika shuka nyeupe kando ya baraza, akafungua mikanda ishirini, akaikung'uta.

Akaniita, "Mkuu, njoo uone tunachochoma."

Nikamjibu bila kusimama, "Tunachoma wadudu. Ndiyo kazi ya moto."

"Wadudu gani, Mkuu? Viwavi ni kumi na mmoja. Waliobaki wote ni buibui, na hao buibui ndio wanaowala viwavi. Tunawachoma walinzi, wezi tunawaacha juu ya mti!"

Buibui walikuwa kama mia tatu hivi, kama sikosei…

Nani huyo? Rudia, mama, wengine hawakusikia. Mmesikia? Anasema mia tatu na kumi na wawili. Miaka kumi na moja, na hesabu yake haijapungua hata buibui mmoja.

Na mnajua nilimjibu nini? Nilikuwa na kikombe mkononi, wenzetu saba wamekaa hapo. Nilisema, "Wewe kazi yako ni kufunga mikanda. Hukuajiriwa kuhesabu." Mmoja akacheka. Kisha wakacheka wote, kwa kuwa mimi ndiye mkuu na nilikuwa natabasamu. Mizue aliweka kikombe chini. Alikaza kamba za viatu, akarudi kwenye ngazi, akamaliza kazi ya siku ile vizuri kuliko sisi. Mwisho wa mwezi alivuka mto akaenda kutunza makaburi ya hekalu, na yuko huko mpaka leo. Ua wa makaburi yale, mliokwenda kuwatembelea wazazi wenu mmeuona. Marehemu wanapata huduma nzuri kuliko wenye tiketi za bustani yetu.

Kikombe chake alikiacha. Kila mwisho wa mwaka, tunaposafisha kibanda, nimekiosha mimi mwenyewe na kukirudisha mahali pake. Sikumwambia mtu kwa nini. Sachie, hata wewe unalisikia leo.

Je, nilibadilika? Ndugu zangu, nilichoma mikanda miaka tisa mingine. Halafu mwaka juzi, siku moja kabla ya moto, niliufungua mkanda mmoja peke yangu. Nilitaka nijithibitishie kwamba yule mama alikosea. Walikuwa wamelala humo kwa makundi, miguu wameikunja, wananitegemea. Sikuwahesabu. Niliufunga tena ule mkanda, na kesho yake nikachoma vilevile. Mwaka jana nikachoma tena. Miaka ile ya mwanzo ningeweza kusema sikujua. Miaka hii miwili nilijua. Niliogopa kusimama mbele ya watoto wenye viazi mikononi na kusema nimekuwa nikikosea tangu kabla wazazi wao hawajaoana. Naona aibu hata sasa ninapolisema.

Mheshimiwa Meya, wiki tatu zilizopita uliwasha moto, ukapigwa picha. Naomba unisamehe: ulichoma mabua matupu. Siku tatu mfululizo, alfajiri, nilifungua mikanda yote themanini na sita, nikaikung'uta taratibu chini ya vichaka, viwavi nikawaokota kwa vijiti vya kulia wali. Usinikodolee macho hivyo, Mheshimiwa, viazi viliiva vilevile!

Nilipokuwa nimepiga magoti kwenye ile baridi ndipo nilipolijua jina nitakalolitaja leo. Msonobari hautunzwi na mkono peke yake. Unatunzwa na mtu anayeangalia, hata akiambiwa asiangalie. Katika maisha yangu nimekutana na mtu mmoja wa namna hiyo, nami nilimfanya achekwe na watu.

Onodera Mizue, nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Nainamisha kichwa, na sitakiinua haraka.

Nakuomba uichukue bustani hii. Mkurugenzi ameshaniambia kwamba ukikubali, Idara haina pingamizi. Ukikataa, una haki, na hakuna atakayekulaumu nami nikiwapo. Ila sitataja jina la pili, kwa kuwa sina.

Tulieni jamani. Anasimama.

Nawarudieni maneno yake, maana kipaza sauti ninacho mimi. Anasema, "Makaburi yangu sitayaacha ghafla, nitahama taratibu." Sawa. Anasema, "Moto usizimwe. Watoto wale viazi, wazee wanywe togwa. Lakini mikanda ifunguliwe kwanza juu ya shuka nyeupe, mbele ya watoto, buibui wahesabiwe na waachiwe, kisha mabua ndiyo yachomwe." Naona Mheshimiwa anaitikia kwa kichwa. Na watoto nao, ingawa nadhani wameitikia viazi.

Bado hajakaa. Kuna sharti jingine? Sema kwa sauti, Mizue.

Anasema… ngojeni kidogo. Anasema, "Na wewe, Mkuu, kila mwezi wa tatu utakuja. Utapiga magoti na watoto, na wewe ndiye utakayehesabu."

Mimi! Mimi niliyesema hukuajiriwa kuhesabu.

Nimekubali. Ngazi siiwezi tena, lakini magoti haya bado yanakunjika. Nitahesabu mmoja mmoja, na nikikosea, wewe utakuwa umesimama nyuma yangu, najua.

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi, wageni wetu, wenzangu mliocheka siku ile nami, na nyinyi watoto mliovumilia maneno mengi ya mzee: nawashukuru kwa miaka yote, na kwa masikio mliyoniazima mchana huu. Mkasi nimeuweka hapa mezani. Saa ya ukutani inasema saa tisa, na barazani maji yamechemka. Kikombe cha bluu chenye pengo ukingoni nimekiosha leo asubuhi.

Mizue, tangulia wewe.