Laini Moja ya Simu: Kumuaga Augustine Kitheka wa Idara ya Kompyuta

Alhamisi tarehe 30 Oktoba 2025, Bwana Augustine Kitheka atakabidhi funguo za chumba cha mitambo na kustaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika kampuni hii. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila aliyenituma hamjui Augustine vizuri.

Alikuja Doha kutoka Mwingi mwaka 1997, ofisi yetu ikiwa vyumba viwili juu ya duka la vigae kule Al Mansoura. Kulikuwa na kompyuta sita na laini moja tu ya simu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziingiza zote kwenye mtandao. Nyinyi vijana mnaodhani mtandao hutoka ukutani kama maji, sikilizeni: modemu ilikuwa kisanduku kinachopiga simu. Ilichomekwa kwenye laini, ikapiga namba, ikalia kama paka wanaogombana juu ya mabati, na ikibahatika ikashika. Augustine aliijua kwa sikio. Alisikia mlio tu akasema, "Hii haishiki, rudia," na kweli haikushika. Aliifunga kwenye kompyuta moja, akavuta nyaya hadi kwenye zile tano, akazibandika ukutani kwa plasta ya kidonda kwa kuwa utepe wa kawaida ulibanduka kwa joto. Mkurugenzi alifurahi mpaka akanunua keki.

Lakini modemu ikishashika laini, simu ya kawaida haiingii. Hapo ndipo penye uchungu wa wasifu huu.

Wakenya aliokuwa akiishi nao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud hawakuwa na simu nyumbani. Kila mmoja aliwapa watu wa kwao namba ya ofisi yetu, Augustine akiwemo. Ijumaa moja ya mwaka 1998, ofisi imefungwa, alikaa peke yake akipakua faili kubwa ambalo mkurugenzi alilitaka Jumamosi asubuhi. Laini ikikatika, faili huanza upya. Ilikatika, akaunganisha. Ikakatika tena, akaunganisha tena, na kutwa nzima laini ikawa mikononi mwa modemu.

Siku hiyohiyo kule Mwingi mkewe, Miriam, alishikwa na uchungu wa uzazi, mambo yakaharibika. Wazee wa nyumba yao walishikilia kwamba hawezi kupelekwa kupasuliwa mumewe hajatoa kauli. Mama yake Augustine akamshika mkono mjukuu wake Mumbua, binti wa miaka saba, wakakimbilia kibanda cha simu cha posta. Walipiga, laini inatumika. Wakapiga tena. Mumbua ndiye aliyebonyeza namba na kusikiliza, maana macho ya bibi yake yalikuwa mabovu. Waliporudi nyumbani walimkuta Miriam ameshafariki, na mtoto tumboni.

Ruhusa ya kutoka nchini ilichelewa, Augustine akafika mazishi yamekwisha.

Mimi nilipoajiriwa mwaka 2001 niliikuta desturi aliyoianzisha alipotoka msibani. Kila Ijumaa, baada ya swala, alichomoa waya wa modemu na kuiacha simu wazi. Walikuja madereva, askari wa lindo kutoka Al Rayyan, akina dada wa kazi za nyumbani, Wakenya na Waganda, wakakaa kwenye ngazi kusubiri kupigiwa kutoka kwao. Wanaume wengine walichana nywele kabisa, utadhani mpigaji angewaona! Mkurugenzi alifoka wee. Augustine akamjibu, "Nifute kazi, lakini hii waya sirudishi." Hakufutwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuifunga modemu ile. Kwenye ngazi zile ndipo mimi nilipopata habari kwamba dada yangu amejifungua salama, nikalia mbele za watu.

Simu za mkononi zilipoenea, desturi ikafa yenyewe. Augustine aliendelea. Aliunganisha matawi yetu yote, akawafundisha kazi Shaun na Bella wa idara yake, na hajawahi kumkaripia mtu kwa kusahau neno lake la siri, jambo ambalo mimi ningeshindwa.

Ila binti yake hajawahi kupokea simu yake. Mumbua alilelewa na bibi yake, sasa ni mwalimu, na ndiye anayeishi katika nyumba ile ya Mwingi. Ruhusa ya Augustine ya kuishi hapa inakwisha pamoja na kazi, naye hana pengine pa kwenda. Inaniuma kuliandika hili kwenye jarida la tafrija, lakini nilimuuliza, akasema niandike.

Wiki iliyopita nilimpigia Mumbua mwenyewe, kwa namba yangu. Nilimweleza kwamba baba yake anarudi.

"Mwambie asinipigie simu tena," akasema. "Kama anakuja, akuje mwenyewe, asimame hapo mlangoni abishe."

Sisi huwaambia wastaafu wetu wasitusahau, watupigie. Wewe, Augustine, hatukuambii hivyo. Asante kwa nyaya zote, na kwa zile Ijumaa. Nenda salama, maisha yako huko yawe na amani kuliko hapa. Ukifika Mwingi, bisha hodi. Usipoitikiwa, bisha tena.

Jebet, Idara ya Usafirishaji