Kitambaa cha Kijani Mkononi mwa Mama Rangi

Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, saa moja asubuhi, marehemu alikuwa jikoni akimimina chai. Alijishika kichwa kidogo. Mumewe, fundi viatu, alitupia jicho kitambaa alichofunga mkewe mkononi, akakiona ni cha kijani, akaenda zake kibandani. Hakuuliza kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa mama mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba. Mumewe hakukanyaga shule, kwa hiyo barua zote za nyumba alizisoma yeye. Hata haya ameyaandika binti yao, baba akisema.

Mwaka 1977 aliajiriwa kiwanda cha nguo, upande wa kutia rangi, akakaa miaka ishirini na sita. Kisha akaitwa maabara ya chuo. Wataalamu walikuwa na rangi inayogeuka ikikutana na hewa chafu, lakini jasho likiigusa tu inachujuka. Akawaambia waloweke nyuzi kwenye maji ya chumvi kwanza, kisha waanike kivulini. Ikashika. Wakamwita Mama Rangi, na vitambaa hivyo vikavaliwa na mafundi wengi.

Walifunga ndoa tarehe 5 Januari 1980. Siku alipoleta kitambaa cha kwanza, alikwenda nacho kibandani kwa mumewe. Hata hajaketi, kijani kikawa rangi ya chungwa. Siku hiyohiyo alitoa meza ya gundi nje, akimuuliza mzee kama anataka kumwacha mjane kwa ajili ya soli. Kikohozi cha mzee cha miaka kikaisha. Tangu hapo mzee alikiamini kile kitambaa kuliko macho yake. Akirudi jioni hutazama mkono wa mkewe kwanza. Kikiwa kijani, basi nyumbani ni salama.

Jumamosi hiyo, saa nne, jirani alimfuata mzee mbio. Marehemu alikuwa ameanguka. Daktari alisema mshipa wa kichwani umepasuka, na kwamba presha ilikuwa ya siku nyingi. Siku nyingi zipi, mumewe hajui. Alikaa kando ya kitanda akikikodolea macho kitambaa. Jumapili kijani. Jumatatu kijani. Jumanne tarehe 10, saa tisa alasiri, marehemu alikata roho, na kitambaa kijani vilevile. Mzee alimwonyesha muuguzi, akidhani kimeharibika. Muuguzi alimwambia kizima, hewa ya wodini ni safi. Mpaka leo mzee hajaelewa.

Ameacha mume, binti, mwana wa kiume, wajukuu wanne na dada yake mmoja. Apumzike vyema, kazi ameifanya.

Mwaka jana aliugua homa, na mumewe akakilaumu kitambaa kwamba hakikusema lolote. Marehemu alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia: "Hiki ni cha hewa, mzee wangu. Habari zangu niulize mimi."