Bi Kibaba, Mkemia Asiyefuta Kitu

Ndugu, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, na kwa miaka mingi nilikuwa pia fundi wa maabara yake. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba wasifu huu umegombaniwa. Jumatano familia ilikaa sebuleni kwake, na kaka yetu mkubwa alitaka sehemu moja iondolewe. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi." Lakini dada yetu ameitwa mpishi wa matokeo kwa karibu miaka kumi na moja, na baadhi ya waliomwita hivyo wamekaa hapa mbele. Nataka jina hilo limtoke kabla udongo haujamfunika. Kwa hiyo sehemu ile imebaki, na mtaijua nikiifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi viatu na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonuka gundi na ngozi. Baba alikuwa na kifafa. Daktari alimpa vidonge vya kumeza asubuhi, mchana na jioni. Baba, mtu asiyependa kukatizwa kazi, alivimeza vyote vitatu asubuhi pamoja na chai na kusema, "Hiyo ya daktari nimemaliza, sasa nishone viatu vya watu." Kufika saa nne alikuwa anasinzia na nyundo mkononi. Kufika jioni dawa ilikuwa imemwisha mwilini, na ndipo kifafa kilipomkuta. Siku moja mwaka 1970 alianguka karibu na jiko, mkono wa kulia ukaungua hadi kwenye kiwiko. Dada alikuwa na miaka tisa. Aliuliza, "Kwani hakuna dawa inayojua kungoja?" Watu wazima walicheka. Yeye hakucheka, na swali hilo hakuliacha tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, na sekondari hadi 1980. Huko mwalimu wa kemia alimpa kanuni aliyoishika kuliko masomo yenyewe: kwenye daftari la maabara hakifutwi kitu. Ukikosea huchani ukurasa wala hupaki wino. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, unaandika lililo kweli pembeni, unatia sahihi na tarehe. Kanuni hiyo alituletea nyumbani, tukakoma. Nilikuwa na miaka minane aliponikuta nafuta hesabu kwa mate na kidole, karatasi imetoboka. Alininyang'anya daftari. "Kosa si aibu, mdogo wangu," akasema. "Aibu ni hilo tundu."

Alipata shahada ya kwanza ya kemia mwaka 1985 na ya uzamili mwaka 1988. Tarehe 17 Agosti 1991 aliolewa na fundi saa, ambaye mnamwona hapo akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kadi za harusi zilitoka kiwandani na kosa: saa nane badala ya saa tisa. Bwana harusi alitaka zichapwe upya. Bibi harusi alisema hapana, akakaa chini, na kwenye kadi mia mbili na kumi akapiga mstari mmoja mmoja, akaandika "saa tisa", akatia sahihi na tarehe. Shemeji anasema siku hiyo ndipo alipojua anaoa mtu wa namna gani, na kwamba alifikiria kukimbia, ila viatu vipya vilimbana. Wiki tano baadaye dada alikwenda ng'ambo kusomea uzamivu. Alirudi mwaka 1994 akiwa daktari wa kemia, na mume alikuwa bado anamngoja. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, mwaka 1997.

Aliajiriwa chuo kikuu tarehe 1 Oktoba 1994, akapewa chumba namba 14, ghorofa ya pili, kati ya stoo na choo, chenye bomba ambalo halikuwahi kufungika vizuri. Humo ndani alitengeneza dawa inayojua kungoja. Nitaeleza kama alivyokuwa akitueleza sisi. Polima ni mnyororo mrefu wenye pingili nyingi ndogo. Ipo inayoyeyuka mwilini taratibu bila kudhuru. Ukiifinyanga kuwa punje ndogo kuliko chumvi, ukafungia dawa ndani, kisha ukamchoma mtu sindano moja chini ya ngozi, punje zitayeyuka kidogo kidogo na kumpa dawa yake ya kila siku kwa mwezi mzima. Kila mhadhara aliufungua kwa "haba na haba hujaza kibaba". Wanafunzi wakambandika jina la Bi Kibaba, naye akalipenda kuliko uprofesa alioupata mwaka 2006.

Mimi niliingia maabara hiyo mwaka 2003. Siku ya usaili wangu dada alitoka nje ya chumba, akasema hawezi kumpima ndugu yake. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kuchota sampuli na kujaza daftari. Punje zilikaa kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Kila siku nilichota kidogo, nikatia kwenye kichupa, nikapeleka kwenye mashine ya kupima kiasi cha dawa kilichotoka. Kichupa kilitakiwa kiwe cha kioo. Dawa ile ya kifafa hunata kwenye plastiki, na iliyonata mashine haiioni.

Makala ya dada kuhusu punje hizo ilitoka Aprili 2012. Mchoro wake ulikuwa mzuri ajabu, mstari unaopanda polepole siku thelathini bila kuruka. Ndani ya mwaka mmoja ilinukuliwa na watafiti zaidi ya mara mia nne. Jina lake likaingia kwenye orodha ya wakemia wanaonukuliwa zaidi duniani, chuo kikabandika picha yake getini, na hospitali ikachagua wagonjwa arobaini wa kifafa wa kuchomwa sindano ya kwanza Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2013.

Sasa ndiyo sehemu yenyewe.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwanafunzi mgeni alirudia kipimo kile kwa ajili ya mazoezi tu. Mchoro wake ulitoka tofauti. Zaidi ya nusu ya dawa ilimwagika ndani ya siku tatu. Dada alikirudia mwenyewe, ikawa vilevile. Mgonjwa wa sindano ile angezidiwa na dawa juma la kwanza, pengine asiamke, na juma la tatu angebaki mtupu, aanguke popote alipo. Ndiyo hadithi ya baba na vidonge vyake vitatu vya asubuhi, mara arobaini. Alasiri hiyo alinikuta kwenye sinki.

"Mdogo wangu, zile sampuli za Machi 2011 ulitia kwenye vichupa gani?"

"Vya kioo, dada. Kama siku zote."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Alinitazama, akasema, "Haya. Nenda kale."

Vilikuwa vya plastiki. Machi ile vya kioo vilikuwa vimejaa kwenye sinki vikinisubiri nivioshe, nami nilitaka kuwahi nyumbani. Nikafungua boksi la plastiki, nikasema ni leo tu. Kesho nikasema vilevile, hadi zikaisha siku thelathini, na kwenye daftari nikaandika "kioo". Dawa iliyotoka kwa wingi siku za mwanzo ilinata kwenye vichupa vyangu, mashine ikaona kidogo. Mchoro uliompa dada jina duniani ulikuwa mchoro wa uvivu wangu.

Dada hakungoja. Alipima kioo na plastiki bega kwa bega, akapata jibu, na siku hiyohiyo akaiandikia hospitali isimamishe sindano na jarida litangaze kwamba makala ni batili. Tarehe 22 Oktoba 2013 aliitwa mbele ya kamati ya chuo. Mkuu wa idara alimuuliza mara tatu ni nani aliyebadilisha vichupa. Mara tatu alijibu, "Maabara ni yangu. Andikeni mimi." Najua kwa sababu nilikuwa nje ya mlango nimebeba sinia ya chai ya kamati. Nilisikia kila neno. Sikuingia. Chai ikapoa mikononi mwangu.

Kamati iliandika kwamba "haikuweza kuondoa shaka ya makusudi". Shaka hiyo ilifika mtaani ikiwa imeshakuwa hukumu: profesa kapika matokeo. Picha ikabanduliwa getini, chumba 14 kikapewa mwingine, wanafunzi wake wakagawanywa. Binti yake, wakati huo kidato cha nne, aliitwa shuleni mtoto wa mpishi. Nami nilibaki na kazi yangu, mshahara wangu na ulimi wangu mkavu.

Dada akaanza upya kwenye kona ya maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila asubuhi alisimama kwenye sinki akiosha vichupa vya kioo, mimi pembeni nikipangusa, na hakunigusia neno. Afadhali angenitukana. Makala mpya ilitoka Februari 2019, punje zikiwa na ganda jingine. Imenukuliwa mara thelathini na moja tu, lakini haina tundu. Wagonjwa arobaini walichomwa sindano kuanzia tarehe 7 Februari 2022, na hakuna aliyedhurika. Mmoja wao, mwashi, yuko hapa leo. Alikuwa pia kwenye orodha ya 2013, na mwaka ule alimfuata dada ofisini kumgombeza kwa kumkosesha dawa. Ndugu mwashi, leo umejua alikukosesha nini.

Novemba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Shemeji alimpangia saa za kengele tatu kando ya kitanda, moja kwa kila dawa, na dada hakuchelewesha hata kidonge kimoja. "Mimi si baba yetu," alikuwa akisema. Jumapili, tarehe 26 Mei, tulibaki wawili chumbani, nikajikaza.

"Dada, vile vichupa..."

"Najua. Nilijua siku ileile. Ulijibu haraka mno."

"Mbona hukunitaja?"

"Ungekwenda wapi? Mimi nilikuwa na vyeti ukuta mzima. Wewe ulikuwa na kimoja, tena kina doa la chai." Akacheka, kicheko kikamuumiza. Nilimuuliza nifanye nini sasa. Alisema, "Daftari liko rafu ya chini," akaomba maji.

Sikwenda kulitazama. Niliogopa. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ile saa ya kengele ya tatu ikilia na shemeji hana moyo wa kuizima. Jumatano niliwaeleza ndugu ukweli huu. Kaka mkubwa alisema mnayoyajua. Shemeji, ambaye ndiye mwenye msiba, alisema, "Soma yote. Miaka thelathini na miwili sikumwona akifuta kitu." Binti aliinuka akatoka.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, kaka mmoja na wadogo wawili. Binti huyo sasa ni mfamasia. Tangu Jumatano hajanisemesha, na ana haki. Mama yake alimeza maneno ya watu kwa hiari. Yeye alimezeshwa, na aliyemmezesha ni mjomba wake.

Limebaki jambo moja. Alhamisi nilikwenda kwenye rafu ya chini. Ukurasa wa themanini na nane, neno langu "kioo" limepigwa mstari mmoja, pembeni pameandikwa "plastiki". Chini yake pameandikwa "Aliyebadilisha:", halafu jina lake, sahihi yake, na tarehe 22 Oktoba 2013. Mtu ambaye hakufuta kitu hata kwenye kadi ya harusi aliandika uongo mmoja katika miaka yake yote ya kazi, na aliuandika ili mimi nile.

Daftari ni hili hapa mezani. Leo saa moja asubuhi, shemeji akishuhudia, nimepiga mstari mmoja juu ya jina la dada, ili liendelee kusomeka. Pembeni nimeandika jina langu, nikatia sahihi na tarehe. Mzee wangu uliyeuliza mara tatu, umekaa kiti cha tatu kutoka kushoto. Tukimaliza kuzika nitakukabidhi mkononi. Jibu lako liko hapo, limechelewa.

Dada, karatasi haijatoboka. Pumzika kwa amani.