Binti wa Kinyozi na Wembe wa Kukunja

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja mshonaji alikuwa amefungua kitambaa magotini. Ndani mlikuwa na nyembe tatu za kukunja, za zamani, zinameta. Kijana aliyekaa kando yake akasogea dirishani.

"Usiogope, mwanangu, zimelala," mama akamwambia. "Hii yenye mpini wa pembe ni ya baba yangu, alikuwa kinyozi. Niliikuta imeliwa na kutu. Nikaisugua, nikainoa kwenye kinoo mpaka ikarudi ujanani."

"Mimi pia ni kinyozi, mama, ila natumia mashine. Hivi ni vitu vya kuweka kabatini, watu watazame."

"Kabatini vinakaa vikombe vya wageni. Kazi ya wembe ni kunyoa."

Mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa shingo yangu ilikuwa upande wa kijana.

"Sasa unamnyoa nani?" kijana akauliza.

"Huyohuyo baba. Siku hizi mikono yake inatetemeka. Maisha yake yote hakumruhusu mtu amshike kidevu, hata vinyozi wenzake. Jumapili akanipa shingo, akafumba macho, akasinzia. Alipoamka akajipapasa mashavu, akasema, 'Binti yangu, umenipita.' Na kaka zangu wote walikuwepo, wamesikia."

Kijana akakohoa. "Na ukiteleza je?"

"Kwani mashine yako haijawahi kumtoa mtu damu?"

Basi likasimama. Mama akafunga nyembe zake, akashuka kichwa juu, na watu wakampisha bila kuombwa.